Mjomba wa Mtu kwenye Mkono wa Binti Yangu

Binti yangu akikunja mikono ya shati aoshe vyombo, mimi hutafuta cha kufanya mahali pengine. Hufungua friji bila kutaka kitu. Hutoka nje kuangalia kama mapipa ya taka yamechukuliwa. Sababu ni mkono wake wa kushoto, toka kiwiko hadi karibu na kifundo. Nilimchora mwenyewe, na kila mstari uliopo pale niliuiba kwa mtu.

Nataka kuyaandika haya kama yalivyokuwa. Shule niliishia darasa la saba, tena la saba lenyewe nilimaliza kwa kuonewa huruma, kwa hiyo msinitafutie maneno ya vitabuni. Lakini kwa mkono, hapo nitasema tu, maana hata anayenichukia anakubali: London ya kaskazini yote hii sijamwona anayevuta mstari kama mimi.

Nilikuja nchi hii kijana, na begi moja. Nilifagia maofisi, nikapakia maboksi kwenye maghala, na siku za mapumziko nikachora mabango ya maduka kule Kingsbury. Wahindi wa kule wengi wametoka kwetu, Dar, Mwanza, Kisumu, na Kiswahili wanacho. Mama mmoja mwenye duka la nguo, mzaliwa wa Mwanza, ndiye aliyenipa ubao wangu wa kwanza. Alisimama nyuma yangu siku nzima.

"Baba, hiyo herufi imelala."

"Haijalala, mama, imeegemea. Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa nani?"

"Wangu."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mkono wako mzuri sana," akasema, "lakini mdomo wako unafika kabla yake."

Maneno hayo nimeyasimulia miaka mingi kama sifa.

Leo nina duka langu la tatuu Edmonton, hatua chache toka kituo cha treni. Viti viwili vya ngozi, taa kama za daktari wa meno, na jina langu limejaa kioo kizima. Wamekuja mafundi wawili na vyeti vya chuo cha sanaa kuniomba kazi. Niliwapa kalamu, nikawaambia vuteni duara. Wakarudi kwao. Sijivuni, nasema yaliyotokea. Na kilichonipa jina zaidi ya yote ni weusi. Wino wangu hauchakai ukawa kijani kama wa wengine. Naukandamiza chini, pale unapokaa moja kwa moja. Nilikuwa nikiwaambia wateja, "Hii utazikwa nayo," na wao wakafurahi.

Watu nilipata kwa michoro ya visiwa vya Pasifiki. Waingereza, Waturuki, Wapolandi, vijana wa Kikongo, wote waliitaka: bega zima mpaka kifuani, nyeusi tupu, pembetatu, mawimbi, kobe. Nilijifunza kwenye simu na kwenye mabega ya watu niliowaona kwenye mabwawa ya kuogelea. Na nilijifunza jambo moja haraka. Mtu akishakaa kwenye kiti anauliza, hii ina maana gani? Usipokuwa na maana, anaona umempaka masizi. Basi nikawa na maana. Meno ya papa, nguvu. Kobe, umri mrefu na kurudi salama nyumbani. Ncha za mikuki, ushujaa. Hizo nilizisikia mahali. Nyingine nilizitunga palepale huku nafuta damu. Dereva mmoja wa basi, mzee aliyefiwa na mkewe, nilimwambia mawimbi mawili yanayogusana ni watu wawili wanaongojeana. Alilia kwenye kiti changu. Nikajiona nimefanya wema. Mpaka leo sijui mawimbi yale wenyewe visiwani wanayasomaje, na yule mzee anatembea nayo.

Kisha akaja Mmaori mmoja, mtu wa Nyuzilandi.

Alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya mabomba kwenye majengo, mtu mpana, mwenye sauti ndogo usiyoitegemea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umechorwa kwao, na mjuzi wa kwao, na bomba la chuma lilimparua kazini likaacha kovu lililokata michoro katikati. Alikuwa amesikia kwamba mimi naweza kuchora juu ya kovu. Kweli naweza. Nilimkalisha, nikamgeuza mkono kwenye taa, nikaanza kumwonyesha ujuzi wangu.

"Haya meno ya papa," nikamwambia. "Nguvu, siyo?"

Akaniangalia, akacheka polepole. "Kaka, huyo si papa. Huyo ni shangazi yangu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Alinipitisha mkono mzima kwa kidole, kama mtu anayekutembeza kwenye nyumba yao. Huu mstari mnene ni upande wa mama. Huu hapa, mto wa kwao. Haya maviringo mawili yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, akasema ni jani changa kabla halijafunguka, na hapo ni dada zake wawili. Chini ya mstari kulikuwa na kiviringo kimoja peke yake, kimegeukia upande mwingine.

"Na huyu?"

"Mjomba. Alizama mtoni mwaka niliozaliwa. Ndiyo maana yuko chini ya mstari na ndiyo maana mimi nimepewa jina lake." Akakunja mkono, akaufungua tena. "Kovu limempita shingoni. Hilo ndilo linalonisumbua. Dada zangu wanaweza kungoja."

Akaniambia kwao huo si urembo tu. Ukimwona mtu ana mkono wako, ni kama umemwona amevaa wazazi wako. Kwa hiyo alikuwa na sharti moja: karatasi ya kunakilia, nikimaliza, nimpe yeye.

"Bila shaka, kaka," nikasema. "Heshima ni kitu cha kwanza hapa."

Nilifanya kazi siku mbili. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na wala sitaifanya tena. Nilimuunganisha mjomba wake shingo mpaka huwezi kujua palikatwa wapi. Jitu lile lilisimama mbele ya kioo, halafu likanishika kichwa kwa mikono miwili likagusisha paji lake la uso na langu, pua kwa pua. Wateja wangu wengine hunipa mkono tu.

Nilimpa karatasi yake. Aliikunja vizuri akaitia kwenye mfuko wa shati.

Lakini karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kujaribia, nilipokuwa natafuta mistari ilikokwenda chini ya kovu. Hiyo ilikuwa chini ya boksi la glavu. Sikuisahau, na nataka hilo lieleweke. Niliona ilipo, nikaweka kiwiko juu ya boksi wakati anavaa koti. Kama ungeniuliza nataka kuifanyia nini, ningesema hakuna. Ilikuwa nzuri, basi.

Sasa itabidi nimseme mama yangu.

Mama alikuwa mpambaji wa maharusi Tanga. Kama kuna kipaji mkononi mwangu, kilitoka kwake, ingawa mimi husema nimejifundisha mwenyewe. Alichora hina na piko, na alikuwa na desturi moja ambayo wapambaji wengine walimcheka nayo: hakurudia mchoro. Bibi harusi wa leo hakupata mkono wa yule wa juzi. Nakumbuka msichana mmoja, ndugu wa bibi harusi, alimwomba, "Bi mkubwa, nichoree kama wa dada." Mama hakuinua hata kichwa. "Wa dada ni wa dada," akasema. "Wako hujauona bado." Na hiyo ilikuwa hina, kitu cha wiki mbili, ukifua na kuosha vyombo kinaondoka. Mimi niliyaona hayo tangu natambaa. Kwa hiyo nilipoweka kiwiko juu ya lile boksi, siwezi kusema sikujua.

Mama hakuijua kazi yangu. Sisi ni Waislamu, na tatuu kwetu haikubaliki, mimi nalijua hilo na nitaulizwa. Kwenye simu alikuwa akiniuliza, "Unachora nini huko?" nami nasema, "Mabango, mama." Alipofariki, karatasi zangu zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, singeweza kutoka. Zilipotoka, nikasema nitakwenda mwakani. Nilituma fedha za kujenga kaburi lake vizuri na nikamwambia kila mtu London kwamba nimejenga. Kwenda, sikuwahi kwenda. Picha ya mkono wowote aliouchora sina. Nilimpigia dada yangu kumuuliza, akacheka, "Enzi zile nani alipiga picha mikono? Watu walipiga picha sura."

Binti yangu alizaliwa hapa, amekulia hapa. Mama yake tuliachana zamani na mtoto anaishi na mimi. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake humu nayaweka mimi kwa lugha yetu. Alipoanza kusomea uuguzi alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkono wa kushoto kwenye mto.

"Baba, nataka kitu cha Bibi. Mchoro wake mmoja. Ule unaoukumbuka zaidi."

"Nakumbuka yote," nikamwambia.

Hilo ndilo lililotoka mdomoni. Nikamwambia nipe siku tatu. Kwa siku tatu nilikaa na kalamu. Kila nilichoanza kiligeuka ama maua ya hina ya kwenye vitabu vya maduka ya Edgware Road, ama meno ya papa. Mama hakurudia hata mchoro mmoja, na kwa kuwa hakurudia, hakuna hata mmoja ulioniingia kichwani. Nilikumbuka vidole vyake. Nilikumbuka anavyopuliza piko ikauke. Mistari yenyewe ilikuwa imekwenda. Mimi, mwenye jina kioo kizima, nilishindwa kumchora mama yangu.

Siku ya tatu nilivuta droo nilimoiweka ile karatasi ya Mmaori.

"Huu ndio," nikamwambia. "Aliuchora mara moja tu, harusi ya shangazi yako."

Akaishika ile karatasi kama anashika kitu cha moto. "Haya maviringo mawili?"

"Mimi na shangazi yako."

"Na hili la chini, limegeuka peke yake?"

Sikusita hata kidogo. Ningesita, labda ningejisikia vizuri zaidi leo. "Huyo ni Bibi mwenyewe," nikasema. "Amegeuka kuangalia huku tuliko."

Nilimchora kwa mapenzi yote. Pale kwa Bibi nilikandamiza zaidi, nikapita mara mbili, mara tatu, ili uwe mweusi kuliko weusi wote niliowahi kuufanya. Alivumilia, machozi yakimtoka, akicheka. "Usinihurumie, Baba. Kwa Bibi weka kabisa."

Wauguzi hospitalini hawaruhusiwi kuvaa mikono mirefu. Toka kiwiko kushuka pawe wazi, kwa ajili ya kunawa. Kwa hiyo mkono ule kila mgonjwa aliuona, na kila mgonjwa aliuliza, na binti yangu akawasimulia kuhusu bibi yake wa Tanga. Aliniambia siku ikimwelemea hubonyeza kile kiviringo cha chini kwa kidole gumba, kisha anaendelea. Nilisikia hayo huku nakata vitunguu. Nilishukuru vitunguu.

Miaka miwili ilipita. Jumamosi moja mchana binti yangu alikuwa mapumzikoni, amekaa meza ya mbele ananisaidia kupokea wateja. Ameosha vikombe, mikono ya sweta imekunjwa. Mlango ukalia, akaingia yule Mmaori, amebeba mtoto mchanga kifuani kwenye kitambaa. Alikuwa amepata binti na alitaka aongezwe kwenye mkono, kiviringo kidogo kipya upande wa juu. Alinikumbatia huku anamkinga mtoto. Alimsalimia binti yangu. Halafu akaona.

Alisogea mezani, akainamisha kichwa kama mtu anayesoma tangazo la maandishi madogo.

"Samahani, dada. Huo mkono ni wa nani?"

"Wa bibi yangu," akasema binti yangu, na alisema kwa fahari, maana ndivyo nilivyomlea. "Alikuwa anapamba maharusi kwetu Tanga. Huyu ni baba, huyu shangazi. Na huyu hapa chini ni Bibi mwenyewe. Hatukuwahi kuonana."

Nilitamani apige kelele. Angevunja kioo ningejua la kufanya. Kioo kina bima. Aliendelea kuuangalia mkono ule, mtoto wake akimvuta ndevu, halafu akamwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Bibi yako alikuwa na mkono mzuri."

Akapita nyuma ya pazia bila kunikaribisha kwenye duka langu mwenyewe. Nikamfuata.

"Yule wa chini," akasema. "Nilikuambia ni nani. Sema."

"Mjomba wako."

"Aliyefanya nini?"

"Aliyezama."

"Umemchukua mjomba wangu aliyezama, umemweka kwa mtoto wako, ukamwita mama yako."

"Kaka, nitaufunika. Nitachora kitu kikubwa juu yake, hautaonekana, mimi nina ujuzi wa…"

"Usimguse tena na sindano." Mtoto alishtuka, akamtuliza kwa kiganja. "Mimi sitamwambia. Si mtoto wangu. Mwambie wewe. Na binti yangu huyu hataandikwa na mkono wako, leo wala kesho."

Akaomba ile karatasi ya pili. Nilivuta droo nikampa. Akaikunja, akaitia mfuko uleule wa shati. Alipotoka alimuaga binti yangu kwa adabu na akamwachia amshike mtoto kidogo.

"Mbona hajakaa?" binti yangu akaniuliza.

"Amebadili mawazo," nikasema. "Watu wengine waoga wa sindano."

Hata hapo, mnaona, nilimsingizia.

Wiki sita nilikaa hivyo. Mimi niliyewahi kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji peke yangu nikajitetea kwa Kiingereza cha kuokota, nikashinda, nilimwogopa msichana wa miaka ishirini anayeacha soksi kwenye ngazi. Nilisema nitamwambia baada ya mitihani yake. Mitihani ikaisha. Nikasema baada ya Idi. Idi ikapita. Ningependa kuandika kwamba moyo ulinisuta nikashindwa kuvumilia. Ukweli ni kwamba nilibanwa. Jumapili moja, tumemaliza kula chakula cha mchana, akiwa kwenye sinki, aliniambia amedunduliza fedha za tiketi.

"Nakwenda Tanga, Baba. Nataka nimwonyeshe Shangazi mkono. Ule wa harusi yake."

Dada yangu angeuangalia ule mkono nusu dakika tu. Angesema, mwanangu, hiki ni nini? Na angesema mbele za watu.

Basi nikamwambia. Nilisimama kwenye kona ya friji nikasema yote, toka boksi la glavu, mpaka siku tatu za kalamu, mpaka maneno ya nyuma ya pazia. Nilijaribu kuyaweka vizuri. Nilisema nilitaka kumpa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sahani. Aliyafunga. Alijikausha mikono, kidole kimoja kimoja, kama wanavyofundishwa. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, yeye asiyejibu Kiswahili, kwa lafudhi yake ya hapa hapa Edmonton:

"Bibi hayumo?"

"Hayumo."

Akauangalia mkono. Kidole gumba kilikwenda kwenye kile kiviringo kwa mazoea, kikaishia njiani.

"Bibi alichora vipi, basi?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote, na mpaka aliponiuliza sikujua kwamba ndilo. "Sikumbuki," nikamwambia. "Hata mmoja."

Hakulia. Alishusha mkono wa sweta mpaka kwenye vidole, akaenda chumbani kwake. Kesho yake alikuwa na zamu, na kule hakuna mkono wa sweta wa kushusha. Alirudi jioni akasema wagonjwa watatu wamemuuliza. "Niwaambie nini, Baba? Nisaidie. Wewe ndiye mtu wa maana."

Nilimwambia aseme ni urembo tu.

"Urembo," akasema. Hakuniongelesha siku nne.

Siku ya tano akaomba namba ya yule Mmaori. Walikutana kwenye mkahawa karibu na kazini kwake, mimi sikualikwa. Aliporudi alinisimulia kwa ufupi, amesimama mlangoni na koti. Alikuwa ametajiwa watu wote kwa majina, toka juu mpaka chini. Mjomba aliyezama alikuwa mtu wa mzaha, akiiga sauti za wakwe zake mpaka wakamfukuza mezani.

"Amesema mjomba wake na Bibi wangepatana," akasema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo, si kwangu. "Amesema hawezi kuniambia niuchome mkono wangu kuutoa mchoro. Ngozi ni yangu. Lakini watu waliomo si wangu."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema nautoa. Siwezi kuendelea kumdanganya mgonjwa, na siwezi kusimulia ukweli wako mara kumi kwa siku."

Nikamwambia nitalipia. "Najua," akasema. "Na utanipeleka. Kila mara."

Ndivyo ninavyofanya. Kuna kliniki ya kuondoa tatuu kwa mwanga wa leza, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Inataka mara nyingi, na kati ya mara moja na nyingine lazima zipite wiki kadhaa, maana ngozi yetu nyeusi lazima iende polepole isiachwe na mabaka. Mwanga ukipiga, unatoa mlio kama mafuta yakirukia kikaangoni. Yeye mwenyewe aliniambia unauma kuliko sindano yangu. Mara ya kwanza nilimngoja kwenye gari. Mara ya pili nilimngoja kwenye korido. Mara ya tatu mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye mikono mitulivu, alinikaribisha ndani.

Alikuwa ameinama kwenye mkono. Mstari wa upande wa mama ulikuwa umekuwa wa kijivu. Mto wa kwao ulikuwa umeanza kukatika vipande. Dada wawili wa Mmaori walikuwa wamefifia, ungedhani wamechorwa kwa penseli. Chini yao mjomba alikuwa palepale, mweusi tii, hajaguswa.

"Hiki hapa kitachukua muda mrefu kuliko vyote," akasema mhudumu. "Kimekwenda chini sana. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mweusi kama huu. Nani alichora?"

Siku nyingine zote za maisha yangu ningelijibu swali hilo kabla halijaisha. Binti yangu alikuwa amelala, amegeuza uso ukutani. Aliniachia mimi.

"Mimi," nikasema.

Mhudumu akaniangalia, akamwangalia yeye, akarudi kwenye kazi yake. Akavaa miwani ya kinga, akatupa na sisi tuvae. Dukani sasa mteja akiniuliza maana, namwambia sijui, na akiwa na mchoro wa visiwani namwambia atafute watu wa visiwani. Wengine huondoka. Nilitaka kumwambia binti yangu hilo pale, nilikuwa nimelitunza tangu asubuhi ili lionekane la maana.

Mashine ikaanza kunguruma. Binti yangu alinyoosha mkono wa kulia, ule msafi, bila kugeuka, akatikisa vidole kuniita. Nikaushika.

"Usiseme kitu, Baba," akaniambia.

Sikusema.